Kiatu Kilichopona Kabla ya Kesi

Mtaani walimwita Mzee Soli, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mkewe na kwa daktari wa macho. Alikuwa fundi viatu. Wapenda chumvi walisema siku aliyozaliwa alilia bila kupumzika mpaka mkunga akavua kandambili yake iliyokatika mkanda. Mtoto akaishika, akanyamaza. Wengine walisema aliwahi kushona mkoba wa karani mmoja vizuri mno, hata mkoba ukasahau kwamba uliwahi kuchanika, ukaanza kuwaringia mikoba mingine kwenye basi. Punguza nusu ya maneno hayo, kisha punguza tena, na kinachobaki ni kweli tupu: mtu huyu hakuweza kukaa chumba kimoja na kiatu kibovu. Mikono ilimwasha. Akialikwa harusini aliangalia miguu ya bibi harusi kabla ya sura, na kama kisigino kilikuwa kimelegea, chakula hakikumshuka.

Kilichompa kiburi hasa ni kwamba kazi yake haikuonekana. Ulimpelekea kiatu kimechanika kutoka mdomoni hadi kisiginoni, ukaja kukichukua, ukakigeuza huku na huku, usione palipochanika. Wapo waliogombana naye kwamba amewabadilishia. Hapo ndipo alipocheka kwa raha, kicheko kidogo cha puani, kisha akajipangusa mikono kwenye aproni.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara. Palikuwa na benchi fupi lililochimbika kwa kukaliwa, kopo kubwa la maziwa lililojaa vyuma vya kila aina, na rafu ya kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha kiatu akikishona. Hakutupa kitu. Msumari uliopinda, kijicho cha kamba, kipande cha soli, vyote viliingia koponi vingoje siku yao. Ukuta wa pili alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, ambaye walitaniana naye tangu wote wawili wana nywele.

Kitu kimoja tu nyumbani kilimshinda, nacho ni mlango wa jikoni. Komeo lake lilikufa zamani, na upepo ukivuma mlango ulijipiga ukutani hadi vikombe vikaruka kabatini. Mkewe alisema mpaka akachoka.

"Mimi si seremala," Mzee Soli alijibu kila mara.

"Mlango ungekuwa umevaa viatu ungeshautengeneza," mkewe alisema, akaenda kutafuta jiwe la kuuzuia.

Walikuwa na binti, kitinda mimba wao, msusi. Alisukia chumba cha nyuma, karibu na jikoni, mteja akikaa kwenye kiti cha chini na yeye kwenye kiti cha juu. Vidole vyake vilikwenda kasi hivi kwamba nzi akizubaa kichwani mwa mteja alisukwa pamoja na nywele, akaondoka naye. Wanawake walitoka mbali kuja kwake. Mkono wa fundi ameurithi kwa baba, walisema, na Mzee Soli akisikia hivyo alijifanya hakusikia ili warudie.

Binti huyo alipenda kasi. Alijinunulia viatu vya magurudumu, vile ambavyo chini ya kila soli pana fremu yenye magurudumu manne kwa mstari, na kila Jumapili asubuhi, barabara ikiwa haina magari, alishuka navyo mteremko wa nyuma ya stendi. Baba yake alivitazama kwa jicho la pembeni tangu siku vilipotoka kwenye boksi.

"Una miguu mizima, magurudumu ya nini? Wewe ni mkokoteni?"

"Mkokoteni husukumwa, baba. Mimi najiendesha."

"Na hiyo fremu imeshikwa na nini?"

"Imeshikwa na kiwanda. Nenda kashone vya kwako."

Jumapili moja, viatu bado vinanukia duka, kamba hazijachafuka hata, fremu ya mguu wa kulia iliachia nyuma katikati ya mteremko. Ilifunguka kama kifuniko cha sufuria. Msichana alianguka mbele, akajikinga kwa mkono wa kulia, na uzito wote wa mwili ukaishia kwenye kifundo cha mkono.

Mfupa uliunga. Tatizo lilikuja plasta ilipokatwa: kidole gumba na cha shahada vilikataa kukutana. Vilifika karibu, vikatetemeka, vikarudi. Na kusuka ni kubana unywele kwa vidole hivyo viwili, hakuna njia nyingine. Daktari wa mifupa alieleza taratibu kwamba kuna mshipa umekatika ndani, kwamba yupo bingwa wa mikono anayeweza kuufungua na kuuunga, na kwamba wasingoje sana, kwa sababu mshipa ukikaa muda mrefu husinyaa. Aliposema gharama, Mzee Soli aliomba arudie, kisha akatazama viatu vya daktari ili apate pa kuweka macho.

Kiti cha juu kikabaki kitupu. Wateja walikuja, wakampa pole, wakakaa kidogo, wakaenda kwa wasusi wengine.

Mteja mmoja hakuenda hivi hivi. Alikuwa wakili, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyesukwa kwenye kiti kile tangu akiwa mwanafunzi. Alikuja amejifunga kitambaa kichwani.

"Vua tukuone," mama mtu alimtania.

"Shikamoo mama. Sivui. Nimesukwa na mtu mwingine, na nikivua mtanionea huruma badala ya kumwonea mgonjwa." Akamgeukia msichana. "Hivyo viatu viko wapi?"

Kilicholetwa ni kimoja, kile cha kulia, kwa kuwa ndicho kilichoumia. Wakili alikitazama bila kukishika sana. Fremu ilining'inia mbele kwa nguvu ya mwisho, nyuma mashimo matupu. Akawaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba anayetengeneza kitu kibovu akakiuza kama kizima, kikamdhuru mtu anayekitumia inavyotakiwa, anawajibika kwa yale madhara. Kampuni itapelekwa mahakamani. Ikishindwa, au ikikubali yaishe, itagharimia bingwa wa mikono na kazi iliyopotea.

"Lakini sikilizeni vizuri," alisema, akikitia kiatu kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa. "Hiki ndicho shahidi wetu mkuu. Msikioshe, msikifute, msikishike. Kikae kilivyo mpaka mhandisi wao aje kukikagua. Mzee, umenisikia?"

"Mbona unanitazama mimi?"

"Kwa sababu nakufahamu."

Mfuko ukawekwa juu ya kabati la chumbani. Mama mtu, mwanamke asiyependa kuona kitu kikikaa bure, alikichukua kile kiatu cha kushoto kisicho na neno, akakilaza ubavu chini ya mlango wa jikoni. Mlango ukatulia. Kilikuwa kizito, kilikaa vizuri kuliko jiwe.

Mwanzoni Mzee Soli hakukitazama kile cha juu ya kabati. Kisha akawa anakitazama akivaa shati. Kisha akawa anakwenda chumbani kuchukua kitu asichokihitaji. Mfuko ulikuwa wa kuonyesha kila kitu, na akilala chali kupumzika mchana alikiona kiatu kimefumbua mdomo juu yake kama kifaranga. Kinyozi aliona mabadiliko.

"Umepungua," alimwambia kupitia dirishani. "Unaumwa?"

"Kuna mgonjwa ndani, nimekatazwa kumtibu."

"Binti?"

"Huyo ana daktari wake."

Ikaja siku ya mvua ya kutwa nzima. Barabara ilikuwa tupu, hakuna aliyeleta hata kandambili. Mkewe na binti walikuwa wamekwenda hospitali kwenye mazoezi ya mkono. Mzee Soli alikaa benchini, akapanga kalibu kwa ukubwa, akazipanguza, akazipanga upya. Kisha akaenda akakishusha kiatu, ili akitazame tu.

Akakitazama kupitia plastiki. Plastiki ilikuwa na vumbi, akaifuta. Ndani napo pakaonekana panahitaji hewa, akafungua. Alipokigeuza, tope kavu la siku ile ya ajali lilimdondokea mapajani, na hapo akaona uchungu wa kweli, maana lile tope lilitoka kwenye mteremko uliomwangusha mwanawe. Akachukua brashi. Baada ya brashi mikono haikumuuliza tena.

Alitoa ribiti zilizobaki, vile vipini vifupi vya chuma vinavyoshika fremu na soli, akavirusha koponi kama alivyozoea maisha yake yote. Akabandua soli ya kiwanda, akakata mpya ya mpira mgumu, akatoboa, akapitisha vyuma virefu vya kwake, akavigonga kwa ndani vikalala kama godoro. Akashona ukingo kwa uzi wa nta. Akapaka rangi. Akabadilisha hata kamba. Jua lilipochungulia jioni, kiatu kilikuwa benchini kizima, kinang'aa, na yeye ameegemea ukuta kama mtu aliyeshiba baada ya njaa ndefu.

Je, hakukumbuka maneno ya wakili? Aliyakumbuka. Ila kichwani mwake yaligeuka njiani. Shahidi, alijiambia, akiwa mgonjwa atasemaje? Hata mtu akiitwa mahakamani huoga, huvaa nguo safi. Akakirudisha mfukoni, mfuko juu ya kabati, na siku hiyo alilala usingizi mzito aliokuwa akiutafuta.

Wakili alikuja kukichukua kiatu kabla ya ukaguzi. Walikuwa wamekaa chumba cha nyuma, msichana kwenye kiti chake cha juu. Wakili akafungua mfuko, akatia mkono, akatoa kiatu kinachong'aa. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Chai yake ikapoa.

"Hiki ni kipi?" aliuliza.

"Ndicho hicho," alisema Mzee Soli. Sauti yake ilikuwa bado na kiburi kidogo, hajajua.

"Hapana. Nilichoacha kilikuwa kimevunjika."

"Kimepona."

Hakuna aliyecheka. Msichana alimtazama baba yake, akatazama vidole vyake viwili visivyokutana, akatazama tena kiatu.

"Baba," alisema. Hakuongeza neno.

Mkewe ndiye aliyeongeza. "Mlango wangu wa jikoni umekushinda tangu tunaoana. Nimekuomba, nimekubembeleza, nimekununia. Ukaona cha kutengeneza duniani ni hicho."

Ndipo Mzee Soli alipoelewa. Alinywea palepale, aproni ikawa kubwa kuliko yeye. Kisha uso ukamchangamka ghafla kwa namna iliyomtisha wakili.

"Hilo si neno," alisema. "Nipeni mpaka kesho. Nitakivunja tena vilevile, tope nitalirudisha, hata mwenye kiwanda atalia akikiona. Kazi yangu haionekani."

"Mzee wangu," wakili alisema, akiweka kiatu mezani polepole. "Ukifanya hivyo tutakwenda jela wote wanne, na shahidi wako atakuja kututembelea amevaa kamba mpya. Umekitengeneza. Utasimama mbele ya hakimu, utasema umekitengeneza. Hicho ndicho tulichobakiwa nacho."

"Na kesi?"

"Ilikuwa nzima. Sasa inachechemea."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu ya hospitalini. Msichana alimwamkia baba yake asubuhi, akampa chakula, na hapo mazungumzo yakaisha. Siku moja Mzee Soli alimfuata chumba cha nyuma, akakaa kile kiti cha chini cha wateja, magoti yakamfika kidevuni.

"Nitukane basi," alisema. "Nitasikia nafuu."

"Sina tusi, baba."

"Mama yako anayo mengi, mwazime."

Msichana akacheka bila kupenda, kisha akaacha. "Mimi sijakasirikia kiatu. Unajua nilichowaza? Umekifungua, umekishona, umekipaka rangi. Nikasema, laiti ungekuwa mkono." Akavuta pumzi. "Nenda ukaseme ulichofanya. Usipunguze, usiongeze."

"Kuongeza ndiko kutanishinda kuacha."

"Najua."

Chumba cha mahakama kilikuwa na mafeni yasiyofanya kazi na benchi ambazo Mzee Soli aliziona zote zinahitaji gundi. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Upande wa kampuni alikaa wakili kijana mwenye tai nyekundu, ambaye mama mtu alikwishampa jina la Tai kabla hajafungua mdomo, na nyuma yake mhandisi mnene, mkimya, na mkoba wa vifaa magotini. Kinyozi alifunga duka siku hiyo, akakaa nyuma kabisa. Alidai amekuja kupata hewa.

Mzee Soli alipanda kizimbani na kopo lake la maziwa. Alieleza yote: mvua, kabati, tope, brashi. Akasema ribiti za kiwanda alizozitoa zimo humo koponi. Hakimu akaomba azionyeshe. Alimimina, na mezani pakawa na kilima cha chuma, mabaki ya viatu vya nusu ya mji.

"Ni zipi?" hakimu aliuliza.

Mzee Soli aliinama, akapekua kwa kidole, akainuka. Angeweza kuokota zozote mbili, nani angebisha? Alimtazama binti yake.

"Siwezi kuapa, mheshimiwa. Zinafanana. Nikikwambia hizi, nitakuwa naongeza."

Tai alisimama, akakichukua kiatu, akakiinua kwenye mwanga. Alikuwa na adabu nyingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari.

"Mzee, mimi si fundi. Lakini hii ni kazi nzuri sana. Sioni hata mahali ulipoanzia."

"Huwezi kuona," alisema Mzee Soli, na kifua kikamtoka.

"Mshono huu unaweza kuachia?"

"Labda wewe uachie kwanza."

Watu wakacheka. Nyuma kabisa kinyozi alishika tama.

"Kwa hiyo kiatu hiki ni imara."

"Imara mno."

"Hakina kasoro."

"Hata moja."

"Asante. Naomba iandikwe kwamba kiatu hakina kasoro." Tai akageuza ukurasa, sauti haijabadilika. "Binti yako ana baba fundi viatu, nyumba moja. Amenunua viatu vipya. Ulivitazama vilipoingia nyumbani?"

"Nilivitazama."

"Ukauliza fremu imeshikwa na nini. Binti yako ameandika hivyo kwenye maelezo yake."

"Niliuliza."

"Na mikono ikakuwasha. Kama ilivyokuwasha siku ya mvua. Ndipo ukakifungua, mzee, kabla ya ajali. Ukatoa ribiti za kiwanda, ukatia za koponi mwako. Kilichomwangusha binti yako ni ufundi wako."

Mzee Soli alikuwa ameitwa majina mengi maishani, mwizi wa viatu, mchawi wa soli, lakini hilo lilimwingia mahali pasipo na kinga. Binti yake alikuwa amekaa mbele, mkono wa kulia umefichwa chini ya wa kushoto, na alikuwa akitikisa kichwa kumwambia hapana, baba, mimi sisadiki hilo.

Sauti yake ilitoka ndogo, haina mbwembwe.

"Kijana, mimi sitibu kizima. Hilo ndilo tatizo langu na mke wangu. Mlango ukiwa mlango, si kazi yangu. Kiatu kikiwa kizima, si kazi yangu. Siku vilipofika vilikuwa vizima machoni pangu. Niliuliza tu kwa kumchokoza mtoto. Sikukigusa hiki mpaka kilipokufa. Na mwenzake sijamgusa mpaka leo, kwa sababu hajaugua."

Hakimu alivaa miwani. "Mwenzake?"

"Wa kushoto."

"Yuko wapi?"

Mzee Soli alifikiri. "Mama watoto, yuko wapi?"

"Anazuia mlango wa jikoni," mkewe alisema kutoka kwenye benchi, kisha akakumbuka alipo. "Samahani, mheshimiwa. Ameulalia mlango tangu mambo haya yaanze."

Wakili wa msichana alijipiga paji la uso kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeua mbu. Alikuwa ameingia jikoni mle mara ngapi, akakiruka kiatu kile akienda kunawa mikono. Kila mtu alikuwa amemhangaikia mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza mzima. Tai naye akamgeukia mhandisi wake, na mhandisi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatazama juu.

Hakimu aliamuru karani aende nyumbani pamoja na mawakili wote wawili, kiatu kichukuliwe mbele yao, asikiguse mwingine yeyote. Kinyozi husimulia kwamba msafara ulipofika mtaani watu walidhani ni uchaguzi, na kwamba karani alikipigia kiatu saluti kabla ya kukiinua. Hilo la saluti liache. La kweli ni kwamba mlango ulijipiga ukutani papo hapo kilipoondolewa, kikombe kikaanguka, na Tai akaruka.

Kiatu kikawekwa mbele ya mhandisi. Hakimu akamuuliza kama yuko tayari kukifungua hadharani. Alijibu kwamba yuko tayari. Akavuta kitambaa cha ndani. Chini yake palikuwa na karatasi ya kiwanda, yenye muhuri, iliyogandishwa juu ya ribiti zote, na haikuwa na hata mkunjo. Akawaonyesha mawakili wa pande zote mbili.

"Hii haijawahi kubanduliwa," alisema. "Anayeibandua wa kwanza ni mimi, sasa hivi."

Akaibandua. Akainama na kurunzi ndogo, akapima kwa chombo chake, akakaa muda. Tai alimnong'oneza kitu, naye akatikisa kichwa kwa upole. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake, hakuna zaidi.

"Mheshimiwa, ribiti za mbele ziko sawa. Za nyuma zimetiwa fupi. Hazijatokeza upande wa pili wa soli, zimeshikwa na gundi tu. Kiatu hiki nacho kingeachia. Kwenye mteremko, kwa uzito wa mtu mzima, ilikuwa suala la muda." Akazima kurunzi. "Wala si kazi ya fundi wa mtaani. Hii ni mashine ya kiwandani iliyowekewa kipimo cha viatu vya watoto."

Mzee Soli alikuwa bado kizimbani, wamemsahau. Alitazama zile ribiti fupi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona kiatu kibovu na mikono isimwashe. Ilikuwa baridi.

Tai aliomba muda azungumze na wakubwa wake. Walipewa. Kampuni haikungoja hukumu: ilikubali kumlipia msichana bingwa wa mikono, mazoezi, na siku zote alizokaa bila kusuka. Viatu vya aina ile vikarudishwa kutoka madukani. Mama mmoja asiyewajua alikuja hadi dirishani kwa Mzee Soli na jozi ya mwanawe kwenye mfuko, akiuliza kama kweli ni vibaya. Alimwambia avirudishe alikovinunua, asimwachie hata kuvitazama, na akafunga dirisha mpaka alipoondoka.

Kazi ya bingwa haikuwa muujiza. Vidole vilikutana, lakini vilikutana kama ndugu waliogombana, kwa kusitasita. Bingwa alisema vitazoea.

Jioni moja msichana alimkalisha mama yake kwenye kiti cha chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusuka tangu ajali. Mzee Soli alipita akielekea kunywa maji, akauruka mguu wa mbao uliolala chini ya mlango wa jikoni. Ilikuwa kalibu yake bora kuliko zote. Mkewe aliichukua bila kuuliza siku viatu vyote viwili vilipobaki mahakamani, na yeye hakuthubutu kuidai.

"Keti," mkewe alimwambia. "Unatuzibia mwanga."

Akaketi. Msichana alisuka polepole, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo, akigawa nywele, akibana, akipoteza, akibana tena. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu ulikwenda vizuri mpaka juu ya sikio, kisha ukapinda, ukalegea, ukajikaza kisabuni mpaka shingoni.

Mzee Soli aliuona. Aliona hasa ulipoanzia kukosea, na jinsi mtu angeweza kuufumua kidogo tu pale, unywele mmoja, akauvuta. Mikono ilimwasha mpaka kwenye viwiko.

"Umenyooka?" msichana aliuliza, bila kuinua macho.

Mama yake hakuweza kujiona. Swali lilikuwa la mwingine.

"Umepinda," alisema Mzee Soli.

"Sana?"

"Juu ya sikio."

"Nitaufumua."

"Uache," alisema. Akachukua viganja vyake, akavikalia. "Endelea na mwingine."

Mkewe alitaka kugeuka amtazame usoni aone kama ni yeye kweli, lakini binti alimshika kichwa kwa vidole viwili, akamwambia atulie.